Bluu ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi rangi wa magari, tena wa ile aina inayokera: alikuwa hakosei, na alijijua kuwa hakosei. Gari likigongwa mlango, mafundi wengine hutafuta kopo lenye namba ya rangi ya kiwandani. Baba aliyaona makopo ya namba kuwa ni ya wavivu. "Gari limepigwa na jua miaka yote hiyo," alikuwa akisema, "halafu wewe unalipaka rangi ya siku lililozaliwa? Mlango utakuwa mtoto, gari zima babu yake." Yeye alichanganya kwa jicho. Tone la hiki, tone la kile, anakoroga kwa kijiti, anajipaka kidogo kwenye ukucha wa dole gumba, kisha anakwenda kuuweka ukucha ule kwenye bodi ya gari. Ukucha ukipotea, usijue umeishia wapi na gari limeanzia wapi, basi rangi imeiva.

Nyumbani tuliishi na jicho hilo, na usifikiri ilikuwa raha. Mama akinunua mapazia, Baba anamwambia la kushoto halikutoka jora moja na la kulia. Shati likifuliwa vibaya analijua kabla halijakauka. Mimi ni fundi cherehani, nashonea papo hapo barazani kwetu, na tangu nikiwa msichana alikuwa akinituma dukani nikatafute uzi unaofanana na kitambaa fulani, nikirudi anaukagua kama askari wa forodha. Siku nilipoleta uliofanana sawasawa, alimwita Mama kwa sauti: "Njoo umwone mrithi wangu!" Kaka zangu walikuwa wamekaa pale pale. Nadhani hawajanisamehe mpaka leo.

Jicho lilianza kumtoka kidogo kidogo. Kwanza alipiga kumbo stuli ambayo imekaa mahali pamoja tangu nizaliwe. Kisha akawa anamimina chai nje ya kikombe na kumlaumu Mama kwa kuhamisha vikombe. Halafu likaja gari la kijivu pale gereji, akalipaka mlango, mlango ukatoka na uzambarau. Mwenye gereji ni kijana aliyefundishwa kazi na Baba mwenyewe. Tangu enzi hizo tunamwita Kifupi, ingawa siku hizi huinama ili kupita mlangoni kwetu. Kifupi aliupaka upya ule mlango bila kusema kitu, kisha akamwambia Baba kwa adabu zake zote: "Mzee, pumzisha macho kwanza."

Nilimpeleka hospitali mimi. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba imeshakula sehemu kubwa. "Kilichopotea hakirudi," alituambia. "Matone haya ni ya kulinda kilichobaki. Asiache kutia hata siku moja." Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Njiani akaniambia kwa furaha kwamba afadhali amepata dawa, na kwamba akimaliza chupa hiyo atarudi kazini. Nilimweleza tena alichosema daktari, neno kwa neno. Akaniuliza kama nina njaa.

Chupa ikaisha, ikaja nyingine, na Kifupi hakumwita. Ndipo Baba alipoikumbuka pikipiki.

Ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya turubai, imekaa huko tangu injini yake ilipokata roho. Hiyo ndiyo pikipiki aliyokuwa akiendea kazini, ndiyo iliyompeleka Mama kujifungua, ndiyo iliyotubeba kwenda shule, mimi mbele juu ya tangi na kaka zangu nyuma wakifinyana. Rangi yake aliichanganya mwenyewe: bluu iliyotulia, yenye joto kidogo, ambayo sijawahi kuiona kwenye kitambaa chochote, na vitambaa nimevishika vingi. Sasa ilikuwa imebabuka na kushika kutu.

"Nitaipaka upya," Baba alitutangazia asubuhi moja tukinywa chai. "Bluu ile ile. Nikimaliza naisukuma mpaka gereji, Kifupi aione kwa macho yake. Akiiona hatakuwa na la kusema. Narudi kazini."

Mama akanitazama, mimi nikaitazama chai yangu.

Sitasema uongo, kazi yenyewe ilikuwa tamu kuiangalia. Aliifungua pikipiki kipande kipande, akazipanga nati kwenye sinia la Mama bila kuomba ruhusa. Akapiga msasa kavu, kisha msasa wa maji, macho yake yakitazama ukutani huku vidole vikipita juu ya bati. Akikuta kibonde ambacho mimi ninayeona sikukiona, anaguna, anakijaza, anasugua tena. Vidole havikuwa na presha. Alitundika tangi na madigadi kwenye kamba ya nguo, Mama akawa anaanika shuka zake juu ya ua wa jirani na kulalamika kwamba ameolewa na gereji. Lakini alilalamika kwa sauti ya zamani, sauti ya mke mwenye mume mwenye kazi, nami nikafurahi kuisikia. Siku undakoti, ile rangi ya chini, ilipokauka nilipitisha kiganja juu ya tangi. Lilikuwa laini kabisa, halina hata chembe.

Siku ya kupaka rangi yenyewe sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kumpima bibi harusi mmoja mwenye mashangazi wengi, kila shangazi na gauni lake kichwani, nikachelewa. Niliporudi, mashine ya upepo ya kupulizia rangi ilikuwa imezimwa, uwanja mzima unanuka rangi, na tangi linaning'inia kwenye kamba, linang'aa.

Lilikuwa la kijani.

Wala si kijani cha kubishaniwa. Kilikuwa kijani cha mlango wa zahanati. Madigadi ya kijani, vifuniko vya pembeni vya kijani, vyote vimepulizwa kwa mkono wa fundi, bila tone lililochuruzika. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, nywele zake za mvi zimeshika ukungu wa rangi. Pembeni yake palikuwa na kopo la njano, linakaribia kwisha. Ile bluu yake siku zote ilihitaji njano kidogo, ya kuitia joto. Sasa jicho halikuiona tena njano, basi akawa anaongeza, anaongeza, mpaka ukucha ukapotea.

"Haya, mrithi," akasema. "Sema."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, nyuma yake. Alinitolea macho, akatikisa kichwa. Kisha akasema yeye, kwa sauti ya kushangilia: "Imependeza! Kama siku ile ya kwanza!"

"Imependeza, Baba," nikasema.

"Sikukuuliza kama imependeza. Mimi si bibi harusi. Nimekuuliza, imefanana?"

Nilimtazama uso. Sijui kama kuna binti angeweza. Mimi sikuweza.

"Imefanana, Baba."

Jikoni nilimvaa Mama. "Kwa nini umemwambia hivyo? Anataka kuipeleka kwa Kifupi!"

"Ataisukuma kwa magoti yapi? Ikikauka atachoka, itarudi chini ya turubai. Mwache afurahi."

"Na asipochoka?"

"Basi nenda kamwambie wewe. Si wewe mrithi? Nenda, yuko pale."

Nilifika mpaka mlangoni. Baba alikuwa akiimba kwa kuguna, huku akiosha bomba lake la kupulizia rangi, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nikarudi jikoni nikaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyenituma nimenye.

Mama naye, akianza jambo halifanyi nusu. Jioni hiyo hiyo alijifunga kanga akapita nyumba kwa nyumba. Alimwambia mwenye duka, akamwambia fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, akamwambia mwalimu mstaafu anayeishi nyumba ya kona: mzee akiwaonyesha pikipiki, ni bluu. Watoto wa mtaani walizibwa midomo kwa peremende. Na watu walimpenda Baba, hilo ndilo lililotuponza. Hakuna aliyekataa. Baba alipoitoa pikipiki yake barazani, imeshafungwa kila nati mahali pake, walikuja mmoja mmoja kumvika kilemba cha ukoka. "Mzee, bluu imetulia!" akasema mwenye duka. Fundi viatu akasema bluu kama hiyo siku hizi haipatikani. Mwalimu mstaafu, ambaye hajui kusema kidogo, akasema ni bluu ya kifalme, akaizunguka mara kadhaa, mkono mgongoni. Mimi nilikuwa nimeinamia cherehani yangu, nashona mkono wa gauni upande usio wake.

Baba akanenepa roho. Chakula kikawa kinamwingia. Akaanza kutania tena, akamwambia Mama kwamba akirudi kazini atamnunulia kamba ya nguo mpya, kwa kuwa ile ya zamani imepandishwa cheo. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Na mimi nusura nijiambie kwamba alikuwa sahihi, kwamba uongo mwingine ni dawa.

Kisha nikaikuta ile chupa ya matone dirishani, imejaa vumbi.

"Baba, umetia matone leo?"

"Matone ya nini?"

"Ya macho."

"Binti yangu," akaniambia kwa upole, "mtu aliyeipata bluu ile, anaumwa macho gani? Mtaa mzima umeiona. Yule daktari alikuwa anatafuta mteja."

Nikamwita Mama pembeni, nikamweleza, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameogopa kama mimi. Tulikaa juu ya kitanda chake kama watu waliofiwa. Nilisema tumwambie, sasa hivi, sisi wote wawili. Akasema tumwambie nini, kwamba sisi ni waongo, na mwalimu ni mwongo, na fundi viatu? "Tumeshasema wote," alikuwa akirudia. "Tumeshasema wote." Nikajaribu njia nyingine: nikamsihi Baba atie matone kwa ajili yangu tu, anifurahishe. Akanipapasa kichwa. Nikamficha kiatu ili asitoke. Akatoka na kandambili.

Aliushika usukani wa pikipiki, mimi nikasukuma kwa nyuma. Ningefanya nini? Magoti yaliyokuwa yanalia kila akiinuka kitini siku hiyo hayakusema kitu. Tulipita dukani, mwenye duka akapunga mkono: "Bluu hiyo, Mzee! Inaenda wapi?" "Kazini!" Baba akajibu. Nilikuwa naomba moyoni gurudumu lipasuke, mvua inyeshe, Kifupi awe amesafiri. Sikuwa nimemwambia Kifupi kitu. Simu haikuwa na chaji asubuhi ile, na mpaka leo sijui kama ingekuwa nayo ningemwomba nini: adanganye, au aseme.

Kifupi alikuwa chini ya gari. Alisikia sauti ya Baba akatoka upesi, akajifuta mikono, akaja na uso umejaa furaha ya kweli.

"Mzee wangu! Na pikipiki! Ah, umeibadilisha rangi!"

Baba alikuwa bado anatabasamu. "Nimeibadilisha vipi?"

"Si ilikuwa bluu? Mimi naikumbuka, nilikuwa naiosha kila Jumamosi. Lakini kijani hiki nacho kimeikaa, Mzee, na undakoti yako, hebu tazama, hakuna hata..."

Alikuwa ameuona uso wangu. Kifupi si mjinga, na maskini akajaribu kurudi alikotoka: akasema mwanga wa mle ndani mbaya, akasema kwa upande huu ni kama bluu, akasema kuna bluu nyingine zina ukijani ndani yake.

"Kifupi," Baba akasema. "Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?"

"Hapana, Mzee."

"Ni rangi gani?"

Kifupi, na urefu wake wote, akainamisha kichwa. "Ni kijani, Mzee."

Gereji nzima ilikuwa imeacha kugonga. Baba aligeuka kunielekea, akanikosa kidogo, akawa anazungumza na bega langu.

"Na wewe uliiona hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na mama yako?"

"Ndiyo."

"Na mwenye duka? Na fundi viatu? Na mwalimu naye, na kuizunguka kote kule?"

Nilikuwa nalia, hata sikuficha. Kifupi alimletea kiti, akamwambia kazi ipo, ya kusugua bodi, kwamba hakuna mikono kama yake mjini, aje hata kesho. Alisema kweli. Baba akamshukuru, akasema atafikiri, akaugeuza usukani.

Kurudi ndiko kulikonimaliza. Maana mtaa haukujua. Walikuwa wamekaa pale pale, wakimngoja ashinde. "Bluu imetulia, Mzee!" "Bluu ya kifalme hiyo!" Na Baba akawajibu wote, kila mmoja kwa heshima yake, asante, asante sana, Mungu akubariki, huku akisukuma, na mimi nyuma siwezi kuinua uso. Nilikuwa nangoja akasirike. Nilimwomba Mungu akasirike. Hakukasirika.

Nyumbani Mama alipiga magoti, akaongea maneno mengi kwa pamoja. Baba akamwinua. Akaomba apewe ile chupa ya dirishani, nikamtia matone mimi, na tangu siku hiyo hajakataa kutiwa. Nikadhani basi tumevuka. Asubuhi akaifungua tena pikipiki. Akapiga msasa ile rangi ya kijani yote mpaka mikono ikachubuka, akapuliza undakoti upya, akaiacha ikauke. Kulipokucha akanikuta kwenye cherehani, akasema: "Njoo. Leo utakuwa macho yangu. Mimi nitachanganya, nikifika uniambie."

Nilitupa kitambaa nikamkimbilia. Nilisema moyoni, kumbe hivi ndivyo tutakavyoishi: mikono yake, macho yangu, na hata gereji tunaweza kwenda pamoja, kwa nini tusiende? Tukakaa uwanjani katikati ya mwanga mzuri. Alimimina bluu, akatia nyeupe, akatia nyeusi ya ncha ya kijiti. Akaanza njano, tone kwa tone, akikoroga. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha chini ya kiti, ambacho alikuwa amekiacha bila kukigusa ili kitunze rangi ya zamani, nakitazama, naitazama rangi. Ikaja. Niliiona inavyokuja, ikapata joto lake, ikatulia. Ilikuwa ile ile iliyotupeleka shule.

"Hapo, Baba! Simama. Ndiyo hiyo."

Mkono wake ukasimama juu ya kopo. "Hapo?"

"Hapo hapo. Naapa."

Akageuza uso kunitafuta, akanitazama, au alijaribu, muda mrefu. "Hata ile ulisema imefanana," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbuka jambo.

"Baba, hii ni kweli. Mama! Njoo!"

Mama akaja mbio, akaiona, akashika mdomo. "Ndiyo yenyewe, mume wangu! Wallahi ndiyo yenyewe!" Nikamwita fundi viatu kutoka ng'ambo, akavuka barabara na kiatu cha mtu mkononi, akasema ni bluu, Mzee, safari hii ni bluu kabisa. Mwenye duka akaja. Tulisimama tumemzunguka, tunaapa kwa zamu, na kila aliyeapa nilimwona Baba anazidi kwenda mbali. Hayo ndiyo maneno yale yale aliyokwisha kuyasikia, kutoka midomo ile ile.

"Najua mnanipenda," akasema.

Akachovya kijiti kwenye njano.

"Baba, usiongeze. Nakuomba. Usiongeze."

Akaongeza. Akakoroga taratibu, kichwa amekiinamisha pembeni, kama anayesikiliza. Niliiona bluu inaondoka.

"Sasa je?" akaniuliza.

"Imepita, Baba. Imeshapita."

Akanitabasamia, akaongeza tone jingine.